Moshi wa Ekzosi kwenye Gari la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanalenga injini zinazoonekana zaidi kwenye gereji za Tanzania na Kenya: 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE za Corolla, Carina na Corona Premio, 1NZ-FE na 1ZZ-FE zilizofuata, na dizeli kama 2L, 3L na 5L za Hiace na Hilux, 1KZ-TE ya Surf na Prado, na 1HZ ya Land Cruiser. Mwenye Nissan au Mitsubishi atakuta kanuni ni zile zile, vipimo tu ndivyo vinavyotofautiana. Tukisema "oili" tunamaanisha oili ya injini. Tukisema "mafuta" tunamaanisha petroli au dizeli.

Rangi ya moshi inaonyesha nini?

Bluu au kijivu cha bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto mara nyingi ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda au, kwa dizeli, mafuta yanayotoka bila kuungua. Macho hudanganyika, hasa jioni au gari likiwa kivulini. Shika karatasi nyeupe mbele ya bomba la ekzosi kwa dakika moja, sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, kisha iache ikauke. Ikibaki na madoa yanayopitisha mwanga, ni oili. Unga mweusi ni masizi. Unyevu uliokauka bila kuacha alama ni maji.

Harufu nayo husaidia, ila kwa tahadhari moja. Kulanti ikiungua hunukia utamu. Magari mengi ya huku hujazwa maji ya bomba matupu, kwa hiyo hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) inaweza kuwa imepasuka na usinuse utamu wowote.

Kwa nini fundi mzuri huuliza moshi unatoka wakati gani kabla ya kuuliza rangi yake?

Kwa sababu rangi inataja kinachoungua tu. Wakati ndio unaotaja njia kinayopitia, na njia hiyo ndiyo utakayolipia kuiziba. Oili hiyo hiyo inaweza kuingia kwenye silinda kupitia sili za valvu (raba zinazozuia oili kwenye mashina ya valvu), ringi (pete za pistoni), turbo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) au valvu ya PCV (inayopitisha mvuke wa ndani ya injini). Bei ya matengenezo hayo hutofautiana mara kumi na zaidi.

Kwa hiyo kabla hujampelekea mtu gari, chunguza haya: moshi unatoka ukiwasha tu asubuhi kisha unakata? Unatoka ukikanyaga mafuta kupanda mlima? Unatoka ukiachia mafuta kwenye mteremko halafu ukakanyaga tena? Unatoka gari likiwa limesimama sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) kwenye foleni? Au unatoka wakati wote bila kuchagua? Mwombe mtu akufuate nyuma na gari lake na akurekodi kwa simu. Kwenye kioo cha nyuma utaona moshi mzito tu, mwembamba utakupita.

Asubuhi kunatoka moshi mweupe kidogo na maji yanadondoka kwenye bomba. Hedi imeharibika?

Mara nyingi hapana. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na ekzosi ikiwa ya baridi mvuke huo huganda kuwa matone. Njombe, Mbeya, Arusha au Limuru mwezi wa saba, moshi mweupe mwepesi kwa dakika tano hadi kumi ni jambo la kawaida kabisa. Huyeyuka hewani mita chache kutoka kwenye gari.

Dar es Salaam, Tanga au Mombasa asubuhi ya joto ni habari nyingine. Hewa ya pwani mara chache huwa baridi kiasi cha kuonyesha mvuke huo. Ukiona moshi mweupe unaodumu hapo, angalia kiwango cha maji siku hiyo hiyo.

Nikiwasha asubuhi linatoa wingu la bluu, baada ya nusu dakika linakata. Ni ringi?

Hiyo ni dalili ya sili za valvu. Usiku oili iliyobaki juu ya hedi huteremka polepole kufuata shina la valvu, kupita sili iliyokakamaa, na kukusanyika juu ya pistoni. Ukipiga stata inaungua yote kwa mpigo, kisha moshi unakwisha.

Dalili ya pili huonekana kwenye mteremko mrefu. Ukishuka mlima wa Kitonga kwa gia bila kukanyaga mafuta, mvuto ndani ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye silinda) huwa mkubwa sana na hunyonya oili kupitia sili hizo. Ukifika chini na kukanyaga, gari hutapika moshi wa bluu mara moja halafu likasafika. Ringi mbovu hufanya kinyume chake: moshi huongezeka jinsi injini inavyobeba mzigo.

Sili za valvu zinabadilishwa bila kushusha hedi?

Inawezekana, na fundi anayejua atakuokolea gasketi ya hedi. Huondoa kava ya tapeti na kamshafti, na kwa 5A-FE au 7A-FE hutoa pia mkanda wa taiming. Pistoni ya silinda anayoishughulikia huwekwa juu kabisa, kisha hujaza hewa ya kompresa ya bar 6 au 7 kupitia tundu la plagi ili valvu zishikiliwe juu wakati springi inatolewa. Gari liwe kwenye gia na breki ya mkono imekazwa, la sivyo hewa itazungusha injini na pistoni itashuka. Asiye na kompresa huingiza kamba safi ya nailoni kwenye tundu la plagi, akaacha ncha nje, kisha akazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikandamize kamba dhidi ya valvu.

Injini ya valvu 16 inahitaji sili 16. Kwenye injini nyingi za Toyota sili za kuingiza hewa na za kutolea moshi zina rangi tofauti, na si za kuchanganya. Springi ikiwa imetoka, tikisa shina la valvu kwa vidole. Nafasi kati ya shina na gaidi yake (kibomba kinachoongoza shina hilo) isizidi takribani mm 0.08 upande wa kuingiza na mm 0.10 upande wa kutolea. Likicheza zaidi ya hapo, sili mpya itachakaa ndani ya miezi michache, na hedi haina budi kushushwa ibadilishwe gaidi.

Moshi wa bluu unatoka ninapokanyaga, na oili inapungua. Nitahakikishaje kuwa ni ringi?

Kwa kupima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Kipimo chenyewe hakizidi saa moja, na hakuna sababu ya kufungua injini kabla ya kukifanya. Betri iwe na chaji ya kutosha na injini iwe imepata joto lake la kazi.

1. Toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) ili petroli isipulizwe, na chomoa soketi ya koili au distribyuta ili moto usiwake.
2. Toa plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda. Utazisoma baadaye.
3. Funga kipimo kwenye silinda ya kwanza. Mtu akanyage pedali ya mafuta hadi chini ili hewa ipite bila kizuizi.
4. Piga stata mpaka injini izunguke mara sita hadi nane, au mshale usimame. Andika namba.
5. Rudia kwa kila silinda, idadi ile ile ya mizunguko.
6. Silinda iliyosoma chini, mwagia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha kidogo, pima tena.

Injini za jamii ya 4A-FE husoma takribani bar 13 zikiwa na afya, kikomo cha chini ni karibu bar 10, na tofauti kati ya silinda isizidi bar 1. Dizeli kama 2L na 3L husoma karibu bar 30 zikiwa nzima. Zikishuka karibu na bar 20, zimechoka. Kipimo cha dizeli ni cha kwake na hufungwa kwenye tundu la hita plagi (ya kupasha silinda joto) au nozeli (ya kupulizia dizeli). Cha petroli kitapasuka.

Namba ikipanda sana baada ya kumwaga oili, ringi au silinda imelika, kwa kuwa oili imeziba ule mwanya kwa muda. Isipopanda, hewa inapotelea kwenye valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zilizo jirani zikisoma chini kwa pamoja, tuhuma ya kwanza ni gasketi iliyoungua katikati yao.

Kuna mtego mmoja. Kompresheni inaweza kuwa nzuri na gari likala oili vibaya, maana ringi mbili za juu ndizo zinazoshika kompresheni ilhali ringi ya tatu, ya oili, imeganda kwa masizi. Hapo ndipo plagi zinapokuwa shahidi.

Plagi zinasomwaje?

Nyeusi yenye majimaji ya oili: oili inaingia silinda hiyo. Nyeusi kavu yenye unga: petroli nyingi. Kahawia ya mchanga au kijivu: silinda iko sawa. Iliyosafika kama imeoshwa, wakati wenzake wana rangi: maji yanaingia humo, na mvuke ndio unaoikwangua. Plagi moja tu ikiwa na oili na tatu zikiwa kavu, usikubali kuambiwa ringi zote zimekwisha. Kabla ya hapo angalia pia kama oili iko juu tu, kwenye kisima cha plagi. Hiyo ni sili ya kava ya tapeti inayovuja, na haina uhusiano na moshi wa ekzosi.

Nimeambiwa nifanye oveholi (kufungua injini yote na kuitengeneza upya). Kuna kitu cha kuangalia kwanza?

Viwili, na vyote ni vya bei ndogo.

Cha kwanza ni kiwango cha oili. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki kuna kama lita moja. Gari la 5A-FE au 1NZ-FE huchukua chini ya lita 4, lakini galoni huuzwa lita 4, na wengi humwaga yote. Oili ikizidi sana, kranki (shafti kuu ya injini) huipiga ikawa povu na kuitupa kwenye njia ya mvuke hadi manifoldi. Punguza mpaka alama ya juu kisha tembea km 100 kabla ya kuhukumu.

Cha pili ni valvu ya PCV, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilichochomekwa kwenye kava ya tapeti na kuunganishwa kwa mpira kwenda manifoldi. Ikiziba, hewa inayopita kwenye ringi hukosa pa kutokea, presha hupanda ndani ya injini, sili huanza kuvuja na oili husukumwa hadi ea klina. Ikikwama wazi, manifoldi hunyonya oili moja kwa moja. Ichomoe na uitikise: iwe na mlio wa kugonga. Puliza upande wa injini, hewa ipite. Puliza upande wa manifoldi, ipite kidogo mno. Injini ikiwa sailensa ziba tundu lake kwa kidole, usikie mvuto. Kuinunua mpya ni nafuu kuliko kuisafisha.

1ZZ-FE yangu inakunywa oili ingawa haijatembea sana. Kwa nini?

Huo ni udhaifu wa muundo wa pistoni za matoleo ya mwanzo ya injini hii. Matundu ya kurudishia oili nyuma ya ringi ya tatu ni machache na madogo. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, huganda humo, ringi hukwama kwenye mfereji wake na oili hubaki kwenye kuta za silinda. Toyota ilikuja kubadilisha pistoni kwenye matoleo ya baadaye, kufikia katikati ya miaka ya 2000.

Kabla ya kuifungua, jaribu kuilegeza. Injini ikiwa vuguvugu toa plagi, mwaga dawa ya kuondoa masizi ya pistoni kiasi cha kufunika kichwa cha pistoni, uiache usiku kucha. Asubuhi funika matundu ya plagi kwa kitambaa na upige stata bila plagi, ili kimiminika kitoke. Ukifunga plagi kikiwa bado ndani, pistoni itagonga kitu kisichobanika na utapinda konrodi (mkono unaoshika pistoni). Kisha badilisha oili na filta kabla gari halijatoka, kwa sababu dawa imechuruzika hadi chini. Tarajia moshi mwingi kwa nusu saa. Pima ulaji wa oili kwa km 1,000. Usipopungua, ni pistoni za toleo jipya na ringi zake. Kuweka ringi mpya kwenye pistoni za zamani ni kurudia ugonjwa.

Lita ngapi za oili zikipotea ndiyo tatizo?

Vitabu vya watengenezaji wengi, Toyota wakiwemo, huweka kikomo cha lita 1 kwa km 1,000. Kikomo hicho ni kikubwa. Injini nzima ya zamani inakula robo ya hapo au chini. Pima kwa uaminifu: gari mahali tambarare, asubuhi kabla ya kuwasha, jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, na uangalie kila baada ya km 500.

Naweza kubadilisha ringi tu bila kurebo silinda (kuichonga iwe pana zaidi)?

Inategemea silinda, na silinda hupimwa kwa geji ya kipenyo. Kidole na macho havitoshi. Ipimwe juu, katikati na chini, kwa mwelekeo wa kranki na wa kuikata kranki, maana silinda hulika kwa umbo la yai upande pistoni inakosukuma. Ulikaji ukizidi mm 0.2, kwa injini nyingi za Toyota za enzi hizo, kurebo hakuepukiki: pistoni na ringi za saizi ya juu, mm 0.25 au 0.50 kwa zinazopatikana zaidi. Ringi ya duara ikiwekwa kwenye silinda ya umbo la yai itaacha mwanya pale pale, na moshi utarudi.

Ikiwa silinda iko ndani ya kikomo, ipigwe msasa wa honi ili ipate mistari inayokatana, kwa sababu ukuta uliong'aa kama kioo hauruhusu ringi kukaa. Ingiza kila ringi mpya kwenye silinda peke yake, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa silinda ya mm 80 hivi, ringi ya juu huhitaji takribani mm 0.25 hadi 0.45. Maandishi kwenye ringi hutazama juu, na mianya ya ringi tofauti isipangwe kwenye mstari mmoja. Fundi akizipanga bila kupima mwanya, mzuie hapo hapo.

Oili nzito au dawa ya kuzuia moshi inasaidia?

Oili ya 20W-50 kwenye 5A-FE iliyochoka inaweza kupunguza moshi na kukupa muda wa kukusanya fedha. Kwa 1NZ-FE na 1ZZ-FE zenye VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka) hatuipendekezi: njia za oili ni nyembamba, na oili nzito huchelewa kufika kwenye mnyororo wa taiming na kwenye kifaa cha VVT-i asubuhi. Dawa za chupa za kuzuia moshi nyingi ni vinenezo tu. Ukiwa unakwenda kukagua gari la kununua na unavuta dipstiki ukakuta oili inayonata na kuchuruzika polepole mno, jiulize imewekewa nini.

Moshi mweupe hauishi na maji yanapungua. Nahakikishaje kuwa ni gasketi ya hedi?

Anza gari likiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta (kamwe usifungue injini ikiwa ya moto), jaza maji hadi juu, washa. Mapovu yakitoka mfululizo tangu dakika ya kwanza na yakiongezeka ukipiga resi, presha ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine: mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha, wakati maji bado ni ya baridi.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kile cha kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Hewa yenye moshi wa injini hukibadilisha kuwa njano. Njia nyingine ni kusukuma presha ya bar 1 kwenye rejeta kwa pampu ya mkono na kuiacha dakika 20, kisha kutoa plagi na kupiga stata. Silinda itakayorusha maji ndiyo yenye tatizo.

Gari la namna hii lisilazwe na kuwashwa asubuhi kwa mazoea. Maji yanaweza kujaa silinda moja usiku, na stata ikagoma kwa kishindo. Ikigoma, acha mara moja na utoe plagi kwanza.

Hedi ikishushwa, gasketi mpya pekee haitoshi. Safisha uso wake, weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili, na jaribu kupitisha fila geji ya mm 0.05. Ikipita, hedi imepinda na inahitaji kuchongwa kwenye mashine. Ipimwe nyufa kwa presha pia, hasa ya 1KZ-TE, ambayo ni ya aluminiamu na inajulikana kwa kupasuka kati ya valvu ikishachemsha. Na kilichoichemsha kitafutwe kabla ya kufunga: rejeta iliyoziba, feni, wota pampu au mfuniko usioshika presha. Gasketi huungua kwa sababu, na sababu isipoondolewa itaungua tena.

Chini ya mfuniko wa oili kuna utando kama maziwa. Ni maji ya rejeta?

Si lazima. Gari linalofanya safari fupi za kilomita mbili tatu halipati joto la kukausha unyevu, na unyevu huo hukusanyika hapo juu. Vuta dipstiki: oili ikiwa safi na maji ya rejeta hayapungui, endesha saa nzima kwenye barabara kuu na uangalie tena. Dipstiki nayo ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe injini. Oili iliyochanganyika na maji inaua beringi za kranki.

Moshi mweupe ni mzito, lakini maji hayapungui hata kidogo. Unatoka wapi?

Angalia kopo la mafuta ya breki. Masta silinda ikivuja kwa nyuma, mafuta ya breki huingia kwenye busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya breki), na mpira wa mvuto huyapeleka manifoldi yakaungue kwa moshi mweupe mzito. Chomoa mpira huo upande wa busta: ukiwa na majimaji ndani, umepata jibu. Gari hilo lisitembee hadi masta silinda ibadilishwe.

Kwenye baadhi ya gia otomatiki za zamani kuna kifaa kinachoendeshwa na mvuto wa manifoldi. Utando wake ukichanika, oili ya giaboksi hunyonywa na injini. Kiwango chake kinapungua bila tone chini ya gari.

Gari la petroli linatoa moshi mweusi na linakula sana mafuta. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ea klina, kisha uliza kama thamostati ipo. Kutoa thamostati "ili gari lisichemshe" ni tabia iliyozoeleka gereji nyingi, na ina madhara makubwa. Thamostati ya Toyota nyingi hufunguka karibu nyuzi 82. Ikitolewa, kwenye barabara kuu maji yanaweza kubaki nyuzi 50 au 60, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaamini injini bado ni ya baridi na inaendelea kuongeza petroli. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda. Kwa hiyo moshi mweusi wa leo unatengeneza moshi wa bluu wa mwakani. Rudisha thamostati, na kama gari linachemsha, tibu rejeta.

Kinachofuata ni sensa ya joto la maji. Chomoa soketi yake na pima ukinzani: karibu nyuzi 20 isome kilo-ohm 2 hadi 3, karibu nyuzi 80 isome ohm 200 hadi 400. Ikibaki juu injini ikiwa ya moto, imekufa. Halafu chomoa mpira wa mvuto wa regyuleta ya presha ya petroli. Ukinuka au ukitoa petroli, utando umechanika na injini inanyweshwa kwa mlango wa nyuma. Baada ya hapo ndipo ziangaliwe injekta zinazovuja na sensa ya oksijeni.

Moshi mweusi ukiachwa, masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi) huziba au kuyeyuka, gari likakosa nguvu kabisa.

Gari langu halina soketi ya mashine ya kisasa. Nasomaje hitilafu?

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi chenye maandishi "Diagnosis" karibu na injini. Funga waya mfupi kati ya TE1 na E1, weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini, na uhesabu mimweko ya taa ya cheki injini. Ikimweka mfululizo kwa mwendo sawa, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Vinginevyo huonyesha makumi kwanza, kituo kifupi, kisha mamoja. Kwa suala la moshi mweusi zitazame hizi: 21 ni sensa ya oksijeni, 22 sensa ya joto la maji, 26 mchanganyiko wenye petroli nyingi, 31 sensa ya hewa au mvuto.

Hiace ya dizeli inatoa moshi mweusi ikipanda mlima. Ni kawaida?

Kidogo, ndiyo, kwa dizeli isiyo na turbo. Hewa hupungua uzito kwa takribani asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, lakini pampu ya 3L au 1HZ iliyosetiwa pwani hupeleka dizeli ile ile. Iringa na Mbeya itamwaga moshi zaidi kuliko Kibaha.

Moshi mzito mahali tambarare si kawaida. Mpangilio wa kukagua ni ea klina, nozeli, kisha pampu. Nozeli zitolewe zikapimwe kwenye mashine: dawa yake iwe ukungu mwembamba ulio sawa, isidondoke kabla ya presha ya kufunguka. Zinapotolewa, vibati vya chini yake vibadilishwe vyote. Mafundi wengine hufungua skrubu ya pampu kuongeza nguvu. Nguvu inapatikana kidogo, na joto la ekzosi linapanda kiasi cha kuunguza pistoni.

Dizeli asubuhi inatoa moshi mweupe unaochoma macho, ikipata moto unaisha.

Hiyo ni dizeli isiyoungua. Sababu ya kwanza ni hita plagi. Toa bati linaloziunganisha na upime kila moja kati ya ncha na bodi: iliyo nzima husoma ohm chache sana, iliyokufa haisomi kitu. Mbili zikifa katika nne, gari litawaka kwa shida na kutetemeka. Zikiwa nzima zote, tafuta kompresheni iliyoshuka, taiming ya pampu iliyochelewa, au maji kwenye filta ya dizeli.

Nitajuaje kuwa ni turbo?

Fungua mpira unaotoka turbo kwenda injini. Unyevu mwepesi wa oili si tatizo. Oili iliyotuama ni tatizo. Shika shafti kwa vidole: kucheza kidogo sana upande kwa upande kunakubalika, kucheza mbele na nyuma au mapanga kugusa nyumba yake hakukubaliki. Kabla hujanunua turbo, kagua bomba lake la kurudishia oili. Likiziba au likipinda, turbo nzima itatoa moshi, na mpya nayo itafanya hivyo hivyo.

Mafuta machafu yanaweza kuleta moshi?

Ndiyo. Mafuta ya taa kwenye petroli hayageuki mvuke vizuri. Injini hugonga, hutoa moshi, na sehemu yake huteremka kwenye oili na kuipunguza uzito. Kwenye dizeli huondoa ulaini unaolinda pampu na nozeli. Uchakachuaji huo ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010. Moshi ukianza ghafla baada ya kujaza tangi, kabla hujagusa injini toa sampuli kwenye chupa ya kioo, iache itulie, uangalie maji na uchafu chini.

Ninaenda kukagua gari la mkononi. Nifanye nini kuhusu moshi?

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ukifika gusa mpira wa rejeta kuhakikisha ni wa baridi. Fungua rejeta na dipstiki kwanza. Simama nyuma wakati mwingine anawasha. Liache sailensa dakika kumi, kisha apige resi mara moja: moshi wa bluu hapo unaelekeza kwenye sili za valvu au turbo. Endesha, kanyaga kwa nguvu kwenye gia ya pili, achia mpaka mwendo ushuke, kanyaga tena, mwenzako akitazama nyuma. Mwisho, injini ikiwa ya moto na sailensa, legeza mfuniko wa oili. Pumzi kidogo ni kawaida kwa injini ya zamani. Moshi ukisukumwa nje kwa mapigo, kama valvu ya PCV ni nzima, ringi zimekwisha, na bei ijadiliwe kwa gharama ya injini nyingine.